Kadi ya Harusi Imetapika Mafaili ya Seva

Jamani, leo nusura niiharibu harusi ya mdogo wangu.

Tovuti ya kadi nimeitengeneza mie. Mgeni anaandika jina lake, kadi inajitengeneza na kuingia kwenye grupu la kamati. Nilivyokuwa najisifu!

Mchana tupo kwenye kikao, nyumbani Kawe. Kadi mpya ikaingia. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Karibu Bwana Juma, picha, nywila, namba za wageni... Huyu jina refu hivi, wa upande gani?"

Watu wakacheka. Mie jasho likanitoka.

Yale yalikuwa majina ya mafaili ya seva! Kisanduku cha jina sikukiwekea kizuizi. Mtu kaandika jina, kaongezea amri, na seva ikatii kana kwamba nimeiamuru mie.

Nikarukia laptopu. Bando la intaneti limekata.

"Naombeni hotspot!"

"Kaa chini," Shangazi akasema, "kikao hakijaisha."

Kadi ya pili: namba za simu za wageni wote. Hapo hakucheka mtu.

Bwana harusi akanirushia simu yake. Naunganisha, kadi ya tatu hiyo:

"Karibu Dada Fundi. Mie nimechungulia tu. Zima kabla hajaja wa kubeba."

Nimezima.

Ila linki ile tuliwatumia ndugu na marafiki tu. Kwa hiyo Bwana Juma ni mmoja wenu mnaosoma hapa.

Shangazi kasema uwekewe kiti harusini. Njoo nikuone sura.