Vikombe vya Mgeni Rasmi

"YAH: MAOMBI YA KUAZIMA VIKOMBE 12 VYA MAUA KWA AJILI YA MGENI RASMI." Barua hiyo, yenye mhuri na nakala mbili, ofisi moja ya kata wilayani Serengeti ilimwandikia mama mjane aliyevikusanya kimoja kimoja, kila mumewe aliporudi kutoka mnadani kuuza ng'ombe.

Nilikuwa hapo nasubiri mhuri wangu alipovileta, vimefungwa magazeti.

"Shikamoo mama. Havijawahi kutumika?" mtendaji akauliza.

"Marahaba. Hata marehemu alinywea cha bati. Hivi vya wageni."

Saa nane simu ikaita: mgeni rasmi amepata dharura. Mtendaji akaanza kuvifunga upya, kwa uangalifu wa mtu aliyetia saini.

Mama akamshika mkono. "Acha, mwanangu. Nimesubiri mgeni miaka yote, kumbe wa kupewa hivi nilikuwa naishi naye. Lete chai."

"Mama, barua inasema mgeni rasmi tu."

"Basi andika nyingine."

Sijawahi kuona waraka wa serikali unaosema kitu kizuri kianze kutumika lini. Mama naye hakuusubiri.

Tulikunywa watu tisa. Kikombe kimoja kilikatika kishikio, na ndicho hicho mama alichoomba aongezewe chai ndani yake.