Daftari langu la mijusi

Leo nimehojiwa kwa sababu ya mijusi.

Nilikaa barazani baada ya kazi, nikiandika mjusi gani kamfukuza mwenzake kwenye ukuta wa jirani. Joto hili limewatoa wote.

Akaja Mzee Haji, mjumbe wa mtaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watu wanasema kila siku unaitazama nyumba ya mwenzio na kuandika. Lete daftari."

Siku hizi kushukiwa upelelezi si jambo la mzaha. Nikampa.

Akasoma kwa sauti: "Mkia Mfupi kamtoa Bwana Tumbo dirishani."

Akainua macho.

"Bwana Tumbo ndiye nani?"

Mzee Haji mwenyewe ana kitambi. Nyinyi mngejibu nini?

Nikanyoosha kidole ukutani.

Akatazama sana. Kisha akakaa ubavuni kwangu, akanirudishia daftari.

"Andika basi. Bwana Tumbo karudi, na huyo mwenzake anakimbia."