Pete za Miguu Yangu

Mume wangu alianguka shambani kwetu Manga akichuma majani ya chai. Hospitalini mjini wakasema ni kiharusi. Maneno yalimrudia, lakini mguu wa kulia ulikataa. Akitaka kwenda, unabaki chini kama umepigiliwa msumari.

Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, jina lake ninalo mpaka leo kama nilivyo nayo majina ya wote waliotusaidia. Alimpigia makofi, pa, pa, pa, na mguu ukafuata. Akaniambia, "Mama, huko nyumbani mtafutie mlio kama huu. Mguu wake umesahau, sikio halijasahau."

Ningepigaje makofi, na mikono yote imemshika yeye? Ndipo nikakumbuka ebitinge, pete za chuma ambazo mamake alinivisha kwenye vifundo vya miguu nilipoolewa. Nilizivua siku ya kubatizwa, nikazifunga kwenye kitambaa. Nikazivaa tena. Nikikanyaga zinalia che, che, na yeye anainua mguu.

Mzee wa kanisa alitukuta njiani. "Dada, umerudia mambo ya zamani?"

"Mwache," mume wangu akasema. "Huyu ndiye gari langu sasa. Gari bila honi utalijuaje?"

Mamake aliishi ng'ambo ya kijito, kipofu, na siku hizo alikuwa wa kulala tu. Kila aliyekwenda kumsalimu aliambiwa naye, "Mwanangu msimlete kwa kiti. Nataka nisikie miguu yake." Na mume wangu hakutaka kitu kingine.

Asubuhi moja tukaambiwa mama amekataa uji. Shemeji zangu wakaja na kiti cha kumbebea. Mume wangu akawaambia, "Si mlisikia mama alivyosema?" Tukaenda kwa miguu. Mteremko ulikuwa na utelezi, tukapumzika, tukaenda, tukapumzika tena. Tulipokaribia lango la boma tukasikia wanawake wakilia, tukajua.

Aliniambia tu, "Usisimame."

Lakini wanawake walikuja mbio kutoka kila upande wakipiga mayowe, kama tunavyofanya kwetu, na pete zangu hazikusikika tena. Mguu wake ukakwama karibu na mlango. Nilikanyaga mpaka mifupa ikauma. Alitazama miguu yangu, akitaka kusikia kwa macho. Haikusaidia. Shemeji mmoja akaja kumwinua.

"Niache," akasema.

Na nani atawanyamazisha watu msibani? Tulisimama pale juani, wengine wakitupita kuingia.

Baadaye wakachoka, sauti zikashuka. Nikakanyaga, che. Akainua mguu. Akaingia mwenyewe, akafika kitandani. Mama alikuwa ameshafunikwa uso. Nilidhani tumemaliza, nikasimama.

"Endelea kidogo," akaniambia.

Nikakanyaga palepale, kando ya kitanda, naye akakanyaga pamoja nami, kushoto, kulia, kwa nguvu, mpaka akachoka.