Mikono ya Bingwa, Kumbe ni ya Mama Gia

"...hajui kuendesha! Jamani, hajui! Hata kurudi rivasi hajui!"

Msusi anayepiga kelele hizo amesimama mlangoni kwa jirani yake, kitana bado kimechomekwa nyweleni, na nusu ya mtaa imetoka nje kumsikiliza. Anayemsema si mwanafunzi wa udereva. Ni Bingwa! Bingwa yule wa kipindi cha magari cha kila Jumapili mchana, mwaka wa kumi na nane sasa hewani, ambaye watoto wakiendesha vifuniko vya sufuria hugombana nani awe yeye.

"Umezidisha chumvi," mtu anamwambia.

"Nimezidisha nini? Amesema mwenyewe! Kwa mdomo wake! Mbele ya kamera!"

Ndani ya nyumba, bibi wa miaka sabini na minne amekaa mbele ya televisheni aliyoizima kwa mkono wake. Hasemi kitu. Na hilo ndilo linalomtisha msusi kuliko yote, maana bibi huyu akinyamaza, hiyo nayo ni habari ya kutangazwa.

Upande wa pili wa mji, nje ya ghala kuukuu lililogeuzwa studio, binti wa bibi huyo anashuka garini, amevaa koti la mwanamume. Simu yake inalia mfululizo.

Anaitwa Mama Gia. Usimtafute mtoto anayeitwa Gia, hayupo. Jina walimbandika wanafunzi wa chuo cha udereva, enzi zile akifundisha, kwa sababu alikuwa akiwagonga goti kwa rula: "Gia, mwanangu! Gia! Husikii gari linalia?" Ana miaka hamsini na miwili, ni mfupi, na akikaa kwenye usukani wa gari kubwa ukiwa mbali unaona kofia tu.

Ndiyo maana anakalia mito.

Kila ulipomwona Bingwa akikata kona kwa mbwembwe, tairi zinapiga kelele, vumbi limetanda, yule hakuwa Bingwa. Alikuwa Mama Gia, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, glavu nyeusi mikononi, mito miwili chini yake ili afikie urefu wa mwenye koti. Bingwa mwenyewe alipigwa picha gari likiwa limepakiwa juu ya tela linalovutwa, akizungusha usukani kama mtu anayesugua sufuria.

"Ukitazama vizuri utaona gari linakata kulia, yeye anazungusha kushoto," anasema Mama Gia, na hata yeye anashangaa. "Miaka yote hiyo! Hakuna mtu hata mmoja aliyepiga simu kuuliza."

Sasa mambo haya yalianzaje? Bingwa alitolewa redioni kwa ajili ya sauti. Waliomwajiri walimuuliza, unapenda magari? Akajibu, sana. Swali la kama anajua kuyaendesha halikumjia mtu kichwani. Siku ya kwanza ya kurekodi, Mama Gia alikuwa ameleta gari la chuo lililoazimwa, arudi zake. Bingwa akamvuta nyuma ya tangi la maji.

"Dada yangu, nisitiri."

"Nikusitiri nini, kaka?"

"Sijawahi kushika usukani."

"Nikacheka," anasema Mama Gia. "Nikamngoja na yeye acheke. Hakucheka."

Alimfundisha, tena kwa moyo. Anasema Bingwa ni mwanafunzi mtiifu, hana kiburi, anakariri kila kitu. Ana kasoro moja tu: likija gari mbele yake, anafumba macho.

Wakakubaliana iwe siri. Mama Gia alitoa neno lake, na neno lake halina spea. Watu watatu wa kipindi ndio waliojua. Mtaani kwake walijua anafanya kazi televisheni. Wakadhani anaosha magari. Na wa mwisho kabisa kuambiwa, kama angewahi kuambiwa, alikuwa mama yake mzazi.

"Mama yangu nampenda, lakini hana kifua," anasema. "Mwambie siri asubuhi, mchana utasimuliwa wewe mwenyewe sokoni."

Kilichomgharimu ni hiki. Bibi anamhusudu Bingwa kupita kiasi. Kila Jumapili anasogeza kiti hadi pua inakaribia kugusa kioo, maana jicho la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto nalo limeanza, na anapiga makofi kila kona inayokatwa. Pembeni yake, Jumapili zote ambazo kipindi kilikuwa kimerekodiwa mapema, anakaa Mama Gia na kikombe chake cha chai.

"Ona mikono ile! Ona! Wewe ungekuwa na robo tu ya mikono hiyo, usingenivunjia ukuta."

Ukuta! Hapo panahitaji maelezo. Akiwa na miaka kumi na tisa, siku ya nne ya kujifunza, Mama Gia aliazima gari la mjomba wake kwenda kumwonyesha mama. Akaingia uani kwa rivasi. Akaangusha ukuta wa bafu, na mama yake alikuwa ndani, ana sabuni kichwani, hana kingine. Mtaa mzima ulifika kabla ya kanga.

Siku hiyo bibi aliapa kutopanda tena gari linaloendeshwa na mtoto huyo, na hajavunja kiapo. Kwenye gari la abiria anatapika. Teksi ilimchukua mara moja, dereva akapiga honi, bibi akashuka katikati ya barabara. "Mimi nitapanda la Bingwa tu," anasema, na haoni kama ni mzaha.

Mtu angecheka, kama si macho. Mara mbili amepangiwa upasuaji na mara mbili hakufika hospitali. Daktari amemwambia Mama Gia bila kuzunguka: mara ya tatu ni Jumatatu hii, yaani kesho, saa mbili asubuhi. Akikosa tena anarudi nyuma ya foleni, na lile jicho la kushoto halina muda wa kungoja foleni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Mama Gia leo mchana, akiwa amekaa nyuma ya pazia la studio, koti la Bingwa limemfika magotini, akingoja kipindi maalumu kianze. Kinarushwa moja kwa moja. Kinaonyesha vituko vilivyochekesha watu kuliko vyote tangu kipindi kilipoanza, na ghala limejaa hadi watu wamekalia tairi.

Kinaanza kile cha gari la usukani wa kushoto. Bingwa anafungua mlango wa kulia, anaketi, anafunga mkanda, ananyoosha mikono mbele, anapapasa hewa. Anageuka kwa kamera, uso umemshuka: "Jamani, usukani umeibiwa!"

Watu hoi.

Kinafuata cha injini. Bingwa amefungua boneti, anaisifia injini: nguvu yake, utulivu wake, usafi wake. Kamera inasogea. Mle ndani mna tairi la akiba na mfuko wa chakula cha mchana cha fundi. Gari lile injini iko nyuma! Bingwa anautazama mfuko, haonyeshi wasiwasi, anasema, "Na haili mafuta mengi."

Mzee mmoja mstari wa mbele anatolewa meno ya bandia na kicheko, anayadaka.

Halafu bwawa. Hiki kila mtu anakijua, watu wanacheka hata kabla hakijaanza. Ua wa hoteli, gari jipya linalong'aa, bwawa la kuogelea nyuma yake. Picha ya mwisho ilihitaji gari lirudi nyuma kidogo tu, hatua chache, uso wa Bingwa uonekane. Akasema hilo nitaliweza, dada. Mama Gia akasimama nyuma, nje ya kamera, akimwongoza: njoo, njoo, lete, lete. Gari likafika ukingoni. Akapiga kelele kumsimamisha: "Basi! Basi! Basi!"

Na Bingwa, mtoto wa watu, akatazama mbele, kwenye geti la hoteli, akitafuta basi gani linakuja kumgonga. Akafumba macho. Akakanyaga mafuta alikimbie.

Majini chubwi!

Tangu siku ile, kwenye kipindi hicho hakuna anayethubutu kutamka neno hilo. Gari likitosha kurudi wanasema "koma". Mgeni akijisahau hata kwenye chai, akasema basi sukari imetosha, wote wanamkodolea macho.

Taa zinawaka. Ghala zima linafuta machozi. Na hapo mtayarishaji, ambaye ni mpya na si mmoja wa wale watatu, anapata wazo. Anamrushia Bingwa ufunguo wa gari dogo jekundu lililopambwa jukwaani.

"Bingwa, lirudishe nje mwenyewe! Rivasi! Bwawa leo hatuna!"

"Rivasi! Rivasi!" watu wanaimba.

Nyuma ya pazia Mama Gia anasimama. Haikuwa kwenye mpango. Anamwona Bingwa akiingia, mlango sahihi safari hii. Gari linawaka. Linashtuka, linazima. Linawaka tena. Nyuma yake, kwenye mkeka, wamekaa watoto wa shule, na wao ndio wanaoimba kwa nguvu zaidi.

Bingwa anatazama kioo cha nyuma. Halafu anashuka.

"Nyuma ya gari hili kuna watoto," anasema. "Siwezi. Sijui kuendesha. Sijawahi kujua."

Watu wanaangua kicheko! Wanapiga miguu chini! Wanadhani ni kituko kipya!

"Nasema kweli. Sijui."

Wanacheka zaidi. Mzee wa meno anayavua kabisa, anayatia mfukoni.

Mara ya tatu sauti ile nzito ya redio inakatika katikati. "Lile la usukani nilikuwa nautafuta kweli. Lile la injini nilikuwa naisifia kweli. Mmenicheka miaka kumi na minane mkidhani naigiza." Anafuta uso kwa kiganja. Kicheko kinakufa mstari kwa mstari, kama taa zinazozimwa kwenye korido. Mtu anasikika akisema, "Yesu na Maria!" Mwingine, "Allah!"

Bingwa anageukia pazia. "Dada, toka. Neno lako nimekurudishia."

"Nilishika pazia," anasema Mama Gia. "Nilikuwa namuwaza mama. Nikasema, hapo alipo ananitazama na koti hili, ataona nimemfanya mjinga miaka yote."

Anatoka. Anawaondoa kwanza watoto kwenye mkeka. Anaingia garini, mito hana, anajivuta mbele hadi kifua kinagusa usukani. Anageuza shingo. Gari linashuka jukwaani kinyumenyume, linapita kati ya kamera mbili palipo na nafasi ya kupitisha kiganja, linakunja kwenye nguzo, linatoka mlangoni. Kinachosikika ni tairi zikikanyaga nyaya. Ndipo sauti ya mtoto mmoja inapasua ghala:

"Kumbe mikono ni ya huyu mama!"

Mtayarishaji anamkimbilia nje, anataka kumkumbatia, anataka kumfukuza, hajui aanze na lipi. Anachagua kumwambia wiki ijayo aje bila kofia, mbele ya kamera, uso wake. Mama Gia anaitikia bila kusikia vizuri. Anachotaka ni kufika nyumbani.

Anafika jua bado liko juu. Mtaa unampisha kama bibi harusi. Msusi anamdaka mlangoni.

"Dada, hajasema neno tangu azime televisheni. Nimempa maji, kayatazama tu."

Mama Gia anapiga magoti mbele ya kiti. "Mama. Shikamoo."

Bibi anainama. Ananyoosha mikono, anatafuta ya binti yake, anaipata. Anaivuta karibu na jicho la kushoto, lile lenye nafuu, anaigeuza, anaipapasa kidole kwa kidole mpaka anapofika kwenye sugu za usukani.

"Hii?"

"Hiyo, mama."

"Ile kona ya mnarani, niliyosimama nikamwaga chai?"

"Mimi."

"Kwenye mvua, gari limeteleza likajirudi lenyewe?"

"Halikujirudi lenyewe, mama."

Bibi anatikisa kichwa polepole. "Nimempigia makofi mwanangu mpaka viganja vikauma. Halafu namgeukia hapo hapo, namwambia hajui." Anafuta jicho kwa kanga. Msusi naye anaanza kulia. "Na wewe umekaa unakunywa chai! Una moyo wa jiwe gani wewe mtoto?"

"Nilitoa neno langu, mama. Na wewe kifua huna."

"Kifua ninacho! Siri zenu ndizo nzito." Anamtandika kofi dogo la begani. "Na ukuta wangu? Nao ulikuwa siri?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Mimi nilikuwa na sabuni machoni!"

Wanacheka wote watatu, wanafutana machozi. Bibi ndiye anayeacha kwanza. Jambo limemjia.

"Lile la bwawani. Gari lilizama hadi paa. Lilitokaje? Na yeye kuogelea anajua?"

Mama Gia anamtazama mama yake, lile jicho jeupe na lile linalofuata, na tabasamu linamtoka taratibu.

"Hilo refu, mama. Ila la mbuzi ndilo refu zaidi."

"Mbuzi gani? Mimi sikuona mbuzi."

"Halikuonyeshwa. Lingeonyeshwa tungefungwa."

"Sema."

"Kesho."

"Kesho lini?"

"Njiani. Nakuwa hapo mlangoni na gari kabla jua halijawaka vizuri. Ukifunga mkanda naanza na bwawa. Hadi hospitali nitakuwa nimefika kwa mbuzi."

"Na nisipopanda?"

"Nitamsimulia msusi."

"Mimi napanda hata sasa hivi!" msusi anadakia.

"Wewe rudi kwenye vichwa vya watu." Bibi anajiinua kwenye kiti, anaufuata ukuta kwa kiganja hadi kabatini, anaanza kutafuta nguo ya kuvaa asubuhi. Anatoa ya kijani, anairudisha.

"Nakaa mbele," anasema bibi, kichwa kiko kabatini. "Na usikimbize gari, usije ukafika hujamaliza."