Seva ya Kitabu cha Ubatizo

Mchwa walikula kitabu cha ubatizo cha parokia yetu hapa Tabora, wakaanzia jalada wakamalizia majina. Bahati nzuri nilikuwa nimeshakipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kwa uzembe wangu sikuweka akiba, nakala pekee ikabaki kwenye seva, kompyuta kuukuu niliyoisukuma chini ya meza ya Sista wa ofisini. Sista naye ana desturi yake: kila jioni, kabla ya sala, huchomoa kila waya ukutani ili umeme wa LUKU, tunaoulipia kabla, usiliwe bure. Nikamweleza kwamba seva haizimwi.

“Mwanangu, hata mimi hulala,” akanijibu.

Nilikasirika, nikasusa siku mbili. Kisha nikaona heri nitafute mfumo endeshi utakaoweza kuishi na Sista. Mifumo ya chanzo huria ni ya kupakua bure tu, basi nikachukua kompyuta mbili nyingine kuukuu, moja nikaiwekea Debian, ya pili FreeBSD, nikawa nachomoa waya kusudi picha zikiandikwa. Debian naipenda, sifichi. Haitoi toleo mpaka liive, na kila nilipoikatia umeme iliamka, ikajikagua, ikaendelea na kazi. Lakini FreeBSD, kwa utunzaji wake wa mafaili uitwao ZFS, ilinifunga mdomo. Nilipoiwekea diski mbili, ilihifadhi kila picha kotekote. Niliharibu picha moja makusudi kwenye diski ya kwanza. Ikaigundua, ikachukua nzima ya diski ya pili na kuirekebisha kabla sijamaliza chai. Nikahamishia kitabu huko.

Juzi asubuhi akaja mzee kutoka Kaliua kwa treni. Mkewe wa miaka mingi anaumwa sana, hawajafunga ndoa kanisani, na paroko wao anataka kwanza cheti cha ubatizo cha mzee, aliyebatizwa hapa kwetu. Jioni iliyotangulia Sista alikuwa amechomoa waya nikiwa katikati ya kuongeza picha za kitabu kingine. Niliiwasha seva, na Sista akashika rozari bila kunitazama. Ikaamka. Nikaiamuru ikague diski zote mbili: kosa hakuna. Ukurasa ukafunguka, na jina la mzee lilikuwepo, kwa mwandiko wa katekista wa zamani.

Sista akaandika cheti, akagonga mhuri. Mzee hakukipokea kwanza. Alitoa simu, akampigia mkewe, akapaza sauti ofisi nzima ikasikia.

“Mama watoto, jina lipo! Jikaze. Nakuja kukuoa.”