Dawa Inalala Wapi

Niliporudi Kariakoo baada ya miaka mingi ya kuhamahama, Tunduma, Kahama, kisha Mtwara, kitu cha kwanza nilichokikosa ni anga. Mtaa wetu niliuacha na nyumba za chini zenye baraza, watu wakisalimiana kutoka mlango hadi mlango. Niliukuta umejaa maghorofa. Nyumba ya mama, aliyoachiwa na baba yake, ilikuwa moja kati ya mbili tu zilizobaki. Kila wiki walikuja madalali, faili kwapani, wakimwita mama "bibi yangu" na kuuliza afya yake kabla ya kuuliza hati. Mmoja alimletea kilo mbili za sukari, bila kujua kwamba mama ana kisukari.

Kwa hiyo mama aliponiambia kuna watu wanampa dawa bure, nilimuuliza jambo moja.

"Wameshaiona nyumba?"

"Nyumba inahusu nini? Mwenye sukari ni mimi, nyumba haina."

Ilikuwa taasisi ya hisani ya kusaidia wagonjwa wa kisukari, ghorofani kule Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Jumamosi moja nilimsindikiza kwa nia ya kuwachunguza. Waliwavua viatu watu wazima wote wakawakagua nyayo, hata katikati ya vidole. Mama alitobolewa kidole, akapimwa, kadi yake ikaandikwa. Kisha wakafundishwa kula: ugali usizidi ngumi. Mzee mmoja akauliza, "Ngumi ya nani, yangu au ya bondia?" Chumba kizima kikacheka. Mwishoni wasio na uwezo waligawiwa insulini na sindano, mama akiwemo. Muda wote nilikuwa natafuta karatasi ya kutiwa saini, au mtu mwenye faili kwapani. Sikumwona. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Aliyekuwa akiendesha mambo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa buluu, ambaye naye hujidunga insulini tangu akiwa msichana. Tulipokuwa tunatoka akanisimamisha.

"Kaka yangu, dawa ya mama inalala wapi?"

"Nyumbani."

"Mna friji?"

"Tunajua tunapoiweka."

"Sikatai. Lakini ningependa nije nipaone tu. Joto la hapa mjini linaiua dawa kabla haijamfikia mgonjwa."

Nije nipaone tu. Hata madalali walianza na maneno hayo hayo. Nikamwambia kwamba mama ana wageni wiki hiyo. Alipouliza tena Jumamosi iliyofuata, nikamwambia wageni hawajaondoka.

Kusema kweli friji hatukuwa nayo. Chupa za akiba zilikaa kwenye friji ya soda ya dukani kwa Ami, ng'ambo ya mtaa. Ami ni Mwarabu aliyezaliwa pale pale na kuzeekea nyuma ya kaunta, na mama ndiye aliyemwomba kona ya rafu ya chini. Mimi sikuipenda kona ile. Kila mteja alifungua friji na kupekua akitafuta soda yenye baridi. Nini kingemzuia mtu kubadilisha chupa? Nikaenda kwa Ami.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Umerudi kweli, au unapita?"

"Nimerudi. Naomba dawa za mama uzihamishie kwenye friza, chini kabisa, asizifikie mtu."

"Kwenye friza? Humo samaki wenyewe wanaomba sweta."

"Ndiyo vizuri. Baridi ikizidi, dawa inadumu."

Ami akanitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma," alisema, akazizika chupa tatu chini ya mafungu ya samaki. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nilitoka dukani nikiwa nimejiridhisha kabisa.

Chupa iliyokuwa ikitumika chumbani iliisha baada ya siku chache. Nikatoa moja kwenye friza, nikaiacha dirishani mpaka ikayeyuka, nikampa mama. Akaizungusha viganjani kama alivyofundishwa, akavuta dawa, akajidunga tumboni. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Yangu yanaona. Katika ule weupe wa dawa kulikuwa na chembechembe, kama maziwa yaliyokatika, nyingine zimeng'ang'ania kioo. Nikanyamaza. Nilitaka ushahidi zaidi.

Haukuchelewa kuja. Mama akaanza kunywa maji jagi kwa jagi na kwenda uani kila mara. Akawa analala mchana, jambo ambalo maishani mwake alilihesabu kuwa uvivu wa wanaume. Nikasoma tarehe kwenye boksi. Muda wa dawa ulikuwa haujaisha. Nikaamua kwamba wamebandika karatasi upya.

"Mama, hawa watu wanakupa dawa mbovu."

"Mbona za mwanzo zilinifaa?"

"Ndivyo wanavyofanya. Kwanza wanakuzoesha."

Alibisha, lakini mgonjwa hana nguvu ya kubisha muda mrefu. Jumamosi hakwenda. Jumapili yule mwanamke mwenye ushungi wa buluu alipiga simu, nami nikailaza simu ya mama kifudifudi mpaka ikanyamaza. Jumatatu akapiga tena, Jumanne pia. Nikajiuliza ni nani anayempigia simu bibi kizee mara tatu kama hana anachokitaka.

Jumatano alasiri mama alitapika. Akawa anahema haraka kama mtu aliyepandishwa ngazi mbio, na maneno yakawa hayamfiki mdomoni. Nilimbeba mpaka kwenye bajaji. Hospitalini kipimo kilishindwa hata kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita uwezo wake. Wakamtundikia dripu, na mimi nikakaa kwenye benchi nikiwalaani watu wa Mchafukoge kwa jina la kila mtakatifu na kila shetani niliyemjua.

Kesho yake fahamu zilikuwa zimemrudia vizuri. Daktari akamuuliza kama aliacha kujidunga.

"Sijaacha hata siku moja," mama alisema. "Dawa za wale watu ndizo mbovu. Mwanangu kaziona kwa macho yake. Sizitaki tena, na kwao sirudi." Akaninyooshea kidole kwa fahari.

Niliondoka hapo moja kwa moja kwenda Mchafukoge, chupa aliyokuwa akiitumia imo mfukoni. Yule mwanamke alikuwa anapanga kadi. Wagonjwa wawili walikuwa wanasubiri, na nilifurahi kwamba walikuwepo. Nikaiweka chupa mezani kwa nguvu.

"Mama yangu amelazwa. Tazama mnachowapa watu."

"Amelazwa? Anaongea? Anakula?"

"Anaongea. Tazama chupa!"

Ndipo akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza polepole.

"Hii iliganda ikawa barafu, kisha ikayeyuka," alisema. "Ikishaganda imekufa. Ukimdunga mgonjwa, hapati kitu."

"Si inatakiwa baridi?"

"Baridi ya maji ya kunywa. Siyo ya kugandisha samaki."

"Nani kakwambia samaki?"

Nilikuwa nimekwisha kupaza sauti. Wale wagonjwa wawili wakageuka kunitazama. Mwanamke akaiweka chupa chini taratibu.

"Sikuambiwa na mtu, kaka. Nilitaka nije nione, hukunipa nafasi."

Ningependa angesema zaidi, anitukane mbele ya watu, niondoke na mimi nikiwa na cha kulalamikia. Badala yake aliniuliza jina la wodi, akaliandika mkononi mwake kwa kalamu, akauliza zimebaki chupa ngapi kwenye friza. Mbili. Akasema nizirudishe kwake, nisizitupe jalalani.

Nilirudi hospitali kwa miguu. Njiani nilitunga maneno. Ningeweza kusema ni Ami aliyehamisha chupa kwa bahati mbaya. Ami ni mzee, asingekasirikia jambo dogo. Au ningesema wamezibadilisha na sasa dawa ni nzuri. Lakini mama alikuwa ameshaapa mbele ya daktari kwamba kwa wale watu harudi, na akiapa mama yangu hudumu na kiapo chake. Bila wao hatukuwa na njia ya kuipata insulini kila mwezi. Aliyemfundisha kuwakataa nilikuwa mimi, na hakuna mwingine ambaye angemrudisha kwao.

Nikamwambia yote, nimesimama miguuni pa kitanda.

Akauliza, "Zile chembe uliziona lini?"

"Siku ya kwanza."

"Ukanitazama najidunga."

"Nilidhani wao ndio..."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Akageukia ukutani. Chai niliyomletea hakuigusa mpaka ikapoa, na jioni muuguzi aliponiita "mwanawe" mama hakuitikia. Lakini mwanamke wa ushungi wa buluu alipofika wodini, mama alimpa mkono na hakuuondoa.

Mama aliporuhusiwa, mwanamke yule alikuja nyumbani na vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Niliyafuata macho yake tangu mlangoni. Sikuweza kujizuia. Aliangalia dari, akaangalia kuta, akasema, "Nyumba inapitisha hewa vizuri."

"Haiuzwi," nikasema.

"Kaka, natafuta mahali pasipopigwa jua."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Alicheka akininyooshea kidole, safari hii bila fahari yoyote. Ukweli ni kwamba sikuacha kumwangalia yule mwanamke mpaka alipotoka.

Wakachagua pembe nyuma ya mlango. Mgeni alijaza mchanga kwenye chungu kikubwa, akakiketisha kile kidogo katikati, akaulowesha mchanga, akatia chupa mpya ndani ya kile kidogo na kuzifunika kwa kitambaa kilicholowa. Akamweleza mama: mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, usikauke, maana unyevu ndio unaoipoza dawa.

"Nitamwagia mimi," nikasema.

Mama alijibu akimtazama mgeni wake. "Atamwagia, lakini nikiwa macho. Na kifuniko nafungua mimi."

Jamaa yangu wa Mtwara amenipigia mara mbili kuhusu kazi, na miguu inawasha kama kawaida yake. Nimemwambia asubiri. Asubuhi mama huketi kwanza kitandani, akajifunga khanga vizuri, kisha huniita. Nachota maji kikombe kimoja, nayamwaga mchangani polepole, macho yake yakiwa mkononi mwangu. Nikimaliza ananiambia nisogee. Nasogea mpaka mlangoni, ndipo anafungua.