Kipande cha Kujaribia Pasi

Santuri ya bluu ilifika kutoka Kampala ikiwa imepinda ukingo kama sinia la zamani. Mwenzangu aliyeniletea aliiweka mbele kabisa, juu ya dashibodi ya basi, asije mtu akaikalia, na jua likaipiga safari nzima. Nilikuwa nimeisubiri tangu kabla ya mvua kubwa. Bendi yenyewe ni ya watu watatu wasio na kampuni nyuma yao. Walitoa santuri chache za rangi hiyo, zikaisha, na walishasema hawatatoa nyingine.

Mimi shule niliiacha mapema, na sikai sana nyumba moja. Katika mji huu huu nimekaa Kibagabaga, nikahamia Gahanga, sasa nina chumba Kagarama. Vitu vyangu vyote huingia kwenye begi moja, isipokuwa sanduku la santuri. Muziki ninaoukusanya huitwa drimu pop: magitaa yenye mwangwi, ngoma za taratibu, na mwimbaji anayesikika kama mtu anayeongea kajifunika shuka. Niliuanza kwenye simu. Halafu siku moja nikaona picha ya santuri ya rangi ya ndimu, inapitisha mwanga hadi unaona kidole cha aliyeishika upande wa pili, nikataka kujua kama rangi hubadilisha sauti. Haibadilishi. Lakini nilikuwa nimeshanaswa.

Mama mwenye nyumba wangu ni fundi cherehani. Amezaliwa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa mji huu, na babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa. Alinikuta barazani nimeishika ile ya bluu kwa mikono miwili.

"Hiyo sahani imekufanya nini, sha?" akauliza; sha ndivyo anavyowaita anaowazoea.

"Imepinda, mama. Sidhani kama itaimba."

"Kikipinda kinapigwa pasi. Kola zinapinda kila siku."

"Hii ni plastiki."

"Na hizi suruali za polista ninazoshona ni nini? Mkate?"

Nilicheka, lakini nilitaka sana kuona itakuwaje. Akatia makaa kwenye pasi, akatandika kitambaa cha pamba mezani, akashika kingine mkononi. Kisha akanyoosha kiganja.

"Lete kipande cha kujaribia."

Huyu mama hagusi nguo ya mteja kwa pasi kabla ya kuijaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile. Chini ya cherehani yake kuna gunia la vipande.

"Kipande cha santuri?"

"Lete moja usiyoipenda."

"Zote nazipenda."

"Hakuna anayependa zote. Kalete."

Nilitoa sanduku nikazipanga mkekani: ya machungwa, ya zambarau yenye moshi mweupe ndani, ile ya ndimu. Mwishowe nikachagua moja ya rangi ya chai ya maziwa, niliyopewa kama nyongeza nilipoagiza nyingine. Upande wake wa pili sikuwahi kuusikiliza. Nikaona si haki kuichoma kabla ya kuisikia, nikaleta mashine ya santuri na waya mrefu hadi barazani.

Mwanamke aliimba polepole, na gitaa moja tu. Makaa yalianza kufanya jivu. Mama akakaa.

"Huyu anaimba au anasinzia?"

"Anaimba."

"Basi amwambie huyo nyuma yake aache kukohoa."

Nikarudisha sindano. Kweli, kulikuwa na mtu anakohoa, mbali, kisha kiti kikasogezwa. Walikuwa chumbani kwa mtu, kama sisi barazani.

"Hii haichomwi," nikasema.

"Kwa hiyo kipande hatuna."

"Hatuna."

"Bila kipande sishiki pasi, hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa."

Akavuta sketi ya shule iliyokuwa ikimngoja akajaribu pasi kwenye kipande chake cha guniani, kisha akaanza kuipiga. Mimi nikaweka ile ya bluu jinsi ilivyo. Sindano ilipanda, ikashuka, ikaruka wimbo wa kwanza wote, na wa pili pia. Lakini kuelekea katikati, mpindo ulipungua. Sindano ikashika. Sauti ilikuja ikiyumba, inapanda kidogo, inashuka kidogo, magitaa nayo yanaifuata.

"Amelewa huyu," mama akasema, hakuinua macho.

"Santuri ndiyo imepinda, mama."

"Najua. Amelewa vizuri. Rudisha hapo."

Nikarudisha. Nyimbo zilipoisha niligeuza upande wa pili. Huko nako mwanzo ulikataa, nikausogeza mkono wa mashine ndani taratibu, nikitafuta pale panaposhika.